Picha Kumi na Mbili Ndani ya Kihenge cha Mama

Mimi ni mtu wa nyumbani, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Wapo watu waliozaliwa na miguu ya safari. Mimi nilizaliwa na makalio. Pale sekondari walikuwa wananiita Broila, kwa sababu kuku wale hukaa bandani wakingoja chakula kije, na kusema kweli jina lile lilinikaa vizuri kuliko sare ya shule. Kuku wetu wa kienyeji walikuwa wameshafika sehemu nyingi za Pito, kijiji chetu, ambazo mimi sijazikanyaga. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba balaa nililomletea mama mwaka ule, nikiwa kidato cha tatu, halikutokana na ubaya wa moyo. Lilitokana na uvivu wa kutembea mpaka mjini.

Mwaka huo shule yetu ilipata mwalimu wa mazoezi, kijana wa chuo kutoka mkoa wa mbali, ambako watu hununua unga dukani ukiwa kwenye mfuko wenye picha ya mama anayecheka. Alikuja na sweta moja jepesi, na baridi ya Ufipa ikampokea vilivyo. Kazi yake ilikuwa kufundisha Kiswahili, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kuchora, na wiki ya pili tu akaanzisha klabu ya sanaa. Tulijiunga kumi na wawili. Wenzangu walijiunga kwa sababu wanapenda kuchora. Mimi nilijiunga kwa sababu klabu ilikutana saa za michezo, na wanaklabu walikaa chini.

Tulichora kwa mkaa, kwa udongo mweupe na mwekundu, juu ya mifuko ya saruji tuliyoipasua na kuinyoosha kwa mawe. Mazoezi yake yalipobakiza siku kumi, ticha akatangaza maonyesho. Msimamizi kutoka chuoni kwake angekuja Jumamosi kumkagua, na yeye alitaka akutwe na kitu cha kuonyesha. Tatizo lilikuwa mahali. Bwalo lilikuwa limechukuliwa na kidato cha nne kwa mitihani ya majaribio. Nje haikuwezekana, maana ilikuwa mwezi wa tatu, na mwezi wa tatu kwetu mvua haikuombi ruhusa.

"Sanaa haihitaji ukumbi," ticha alisema. "Inahitaji mahali panapomshtua mtu. Mahali ambapo hajawahi kufikiria atakuta picha. Fikirini."

Tukafikiri. Mmoja akasema kwenye mashine ya kusaga, ikaonekana vumbi litazila picha. Mwingine akasema zizini, tukacheka mpaka tukasahau kumjibu. Ndipo mwenyekiti wa klabu, kijana mrefu mwenye sauti ya mnadani, akasimama akasema, "Kwenye vihenge."

Siku hizi wengi huweka mahindi kwenye magunia ndani ya nyumba, lakini upande wetu vihenge bado vilikuwepo karibu kila ua: kikapu kikubwa cha fito kilichokandikwa udongo, kimeinuliwa juu ya miguu ya miti ili panya wahangaike, na juu kimefunikwa paa la nyasi kama kofia. Ukitaka mahindi unaweka ngazi, unapanda, unainua kofia kwa mti wenye panda, unaingiza kichwa na mkono. Mwenyekiti alieleza kwamba tukipata vihenge vitatu vinne vitupu, tunabandika picha ukutani kwa ndani, watu wanapanda mmoja mmoja, wanachungulia. Ticha aliruka kwa furaha. Alishika kichwa. Alisema hajawahi kusikia kitu kama hicho, na hapo angejiuliza kwa nini hajawahi kukisikia, lakini hakujiuliza, na sisi wenyeji wote kumi na wawili, watoto wa hapohapo, tuliozaliwa chini ya vihenge hivyo, hatukujiuliza pia. Tulikuwa tumelewa sifa.

Tukagawana wawili wawili kwenda kuomba. Mimi nilipangiwa nyumba jirani kabisa na shule, kwa kuhurumiwa. Tulipiga hodi kwa bibi mmoja, tukapiga magoti, shikamoo, marahaba, habari za masomo. Kisha mwenzangu akasema, "Bibi, tunaomba kihenge chako kama kiko kitupu."

Bibi akaweka chini ungo wake taratibu.

"Nani kawaambia kihenge changu kitupu?"

"Hakuna, bibi, tunauliza tu."

"Mama zenu ndio wamewatuma? Waambieni kimejaa. Kimejaa mpaka kofia haifungi. Na mkirudi tena kuniuliza, nitawafuata mpaka kwa mwalimu wenu niende nikamwulize yeye sufuria yake ina nini."

Kila jozi ilirudi na jibu la namna hiyo. Mzee mmoja aliwauliza wenzetu ni watoto wa kijiji gani, kwa sababu watoto wa Pito hawawezi kukosa adabu kiasi hicho. Tulikuwa tumesahau jambo ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza kwetu analijua: mwezi wa tatu, mahindi mapya yakiwa bado shambani na ya zamani yakiwa yanaishia, huchungulii kihenge cha mtu wala huulizi kilichomo. Kwa kufuata majibu tuliyopewa, Pito ile ingeweza kulisha jeshi. Na nusu ya waliotujibu walikuwa wanakula mara moja kwa siku.

"Lakini mimi asubuhi nimemwona mama mmoja anapimiwa mahindi pale gengeni," ticha alisema, amechanganyikiwa.

"Ticha," binti wa baba yangu mdogo akamwambia kwa upole, "huyo hukumwona."

Binti wa baba mdogo nilisoma naye darasa moja, na alikuwa kwenye klabu hiyohiyo. Mkumbukeni.

Basi tukakaa kikao cha pili, uso kwa uso na aibu. Mwenyekiti akatoa wazo jipya: mjini kulikuwa na gereji ya mabasi isiyotumika, mjomba wake angetuombea. Tungebeba picha, mbao na ngazi kwa miguu, Alhamisi kwenda kusafisha, Ijumaa kwenda kubandika, Jumamosi kwenda kuonyesha. Nilipiga hesabu ya safari zile kwenda na kurudi, kwenye matope, na mbao kichwani. Miguu ikaniuma kabla sijainuka. Wengine walikuwa wameanza kuitikia kwa vichwa. Nikasikia sauti inasema, "Kwetu kipo kimoja."

Ilikuwa sauti yangu.

"Kitupu?" ticha akauliza.

"Kitupu kabisa. Toka mwezi wa pili."

Wenzangu wote wakanigeukia. Ticha peke yake alikuwa anapiga makofi. Mimi nilimtazama binti wa baba mdogo, na yeye alikuwa ananitazama.

Niseme kilichokuwa hatarini, maana si maonyesho. Baba yetu alishuka bondeni, Mtowisa, kulima mpunga kwa msimu mmoja. Msimu huo haujaisha mpaka leo. Shamba alilotuachia ni la ukoo wao, na mwangalizi wake ni mdogo wake, yaani baba mdogo. Walikubaliana na mama kwa mdomo, mbele ya watu: mama atalima maadamu shamba linatulisha mimi na wadogo zangu. Siku likishindwa kutulisha, ndugu watalichukua, na sisi tutatazamwa kwa namna nyingine, na hiyo namna nyingine hakuna aliyewahi kuieleza. Tena mtu wa kulitaka alishapatikana: mfugaji mmoja aliyehamia na familia yake kutoka kaskazini-magharibi, mpole, msalimiaji, mwenye maksai wa kulima shamba letu lote kwa siku mbili. Hakuwa na kosa. Aliomba tu kukodi, na baba mdogo alimwambia asubiri.

Na shamba lilikuwa limetulisha vizuri. Ila dada yake mama, aliyeolewa Mwimbi, mvua ya mawe ilimpiga shamba lote akabaki na mabua. Alikuja mwezi wa kwanza akakaa jikoni kwetu siku mbili bila kuomba kitu. Siku ya tatu mama akampakilia magunia manne kwenye lori. Mahindi ya ukoo wa baba, kuwapa watu wa ukoo wa mama. Baba mdogo angelipenda jambo hilo kama jicho linavyopenda mchanga.

Kwa hiyo toka Februari mama alikuwa anacheza mchezo wake. Alhamisi na Jumatatu alikwenda mjini na kikapu, akarudi na nusu debe la mahindi chini ya kabichi. Kila asubuhi, majirani wakiwa wanafagia, aliweka ngazi kwenye kihenge, akapanda na beseni lililofunikwa kitambaa, akainua kofia, akainama mle ndani akikwangua kwa sauti, akashuka na beseni lilelile lenye mahindi yaleyale aliyopanda nayo. Alikuwa anahema kidogo akifika chini, kama mtu aliyebeba. Nilikuwa napenda kumtazama kutoka dirishani. Mimi binti yake wa nyumbani, ninayejua kila kitu cha ndani, ndiye pekee katika Pito nzima niliyeweza kumwumbua, na nilifanya hivyo ili nisibebe mbao.

Siku ile nilirudi nyumbani mbio. Mimi, mbio. Binti wa baba mdogo akanifikia njiani bila kuongeza hata hatua.

"Broila."

"Nini."

"Mnakula nini kwenu?"

"Ugali."

"Mahindi yanatoka wapi?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Utamwambia baba yako?" nikamwuliza.

"Mimi sijaulizwa kitu. Ila mwenyekiti wetu unamjua, na duka la baba yake ndipo baba yangu anaponunua sigara kila jioni. Mpe mpaka kesho."

"Nimekwisha."

"Wewe hujaisha, aliyekwisha ni mama mkubwa." Akatembea kidogo, akikata majani ya pembeni kwa kijiti. "Mimi nikigombana na watu wa kwetu huwa nakuja kulala kwenu. Mkihamia Mwimbi nitalala wapi? Hebu sikiliza. Kihenge ni kitupu, kila mtu ameshajua. Sawa. Lakini ni kitupu kwa nini?"

"Kwa sababu mahindi yameisha."

"Ndiyo maana unaitwa Broila. Ni kitupu kwa ajili ya picha! Mmeyatoa. Mmeyatia kwenye magunia, yapo ndani. Maonyesho yakiisha mnayarudisha."

"Magunia ya nini sasa?"

"Magunzi," akasema. "Magunzi mbona yako kila mahali."

Nilimwambia mama jioni ile, akiwa anachambua maharage. Sikuficha hata neno. Hakunipiga wala hakupandisha sauti, aliendelea kuchambua.

"Umewaambia wangapi?"

"Klabu tu."

"Klabu ina watu wangapi?"

"Kumi na wawili. Na ticha."

"Basi umeiambia Pito. Na mimi nilikuwa napanda ile ngazi na goti hili." Kisha akahamia Kifipa, na alichosema kwa Kifipa sitakiandika, kwa sababu mabibi wa kwetu wanasoma. Alipomaliza akauliza hayo magunzi yatatoka wapi.

Siku zilizofuata sikulala vizuri wala sikukaa. Nasikia wapo watu wanaoishi hivyo siku zote, wakiinuka inuka, wakichungulia njia. Mimi nilikuwa mgeni katika hali ile. Nikisikia pikipiki nadhani ni baba mdogo. Kuku akikwaruza mlango nadhani ni baba mdogo. Ticha akaja na klabu nzima, tukasafisha kihenge, tukakipaka udongo mweupe kwa ndani kikang'aa kama yai. Tukaanza kubandika. Hapo ikaonekana gundi ya dukani haishiki udongo, na ticha, kwa heshima zote, akamwendea mama.

"Mama, samahani, tunaomba unga kidogo tu, vikombe viwili vitatu, tuchemshe gundi."

Wanaklabu wote kumi na wawili tukatazama chini. Mama akaingia ndani. Tulimsikia akikwangua. Alitoka na vikombe vitatu vilivyojaa mpaka vikafanya mlima, akampa kwa mikono miwili, akatabasamu kama yule mama wa kwenye mfuko. Jioni ile tulikunywa uji mwepesi sana. Ungeweza kusomea gazeti kupitia uji ule.

Upande wa pili wa nyumba, binti wa baba mdogo alikuwa anaongoza kazi nyingine. Wenzetu walikusanya magunzi kutoka kila jalala, tukajaza magunia sita, na yeye akayashona midomo kwa sindano ya magunia, mguu mmoja umekanyaga, ulimi nje. Anatumia mkono wa kushoto, mishono yake inalala upande wake wenyewe, imebana sana. Gunia la saba tuliliacha wazi, magunzi chini, na juu tukamwaga nusu debe lote la mama. Ukisimama mlangoni ulikuwa unaona nyumba ya watu walioshiba. Mwenyekiti alilitazama gunia lile muda mrefu akasema hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote za klabu, basi tu haiwezi kuwekwa kwenye maonyesho.

"Funga mdomo," tukamwambia wote.

"Nimefunga. Mbona toka juzi nimefunga?"

"Na baba yako je?"

"Baba nilimwambia kabla sijafunga."

Jumamosi kulikucha na jua. Watu wakaja wengi kuliko tulivyotegemea, na nilielewa kwa nini mara tu bibi yule wa ungo alipoweka mguu kwenye ngazi. "Miaka yote hii natamani kuchungulia kihenge cha mwenzangu," alisema kwa sauti, "leo nimeitwa kwa barua!" Foleni nzima ikacheka. Kila mtu alipanda, akaingiza kichwa chini ya kofia ya nyasi, akakaa mle tukihesabu mpaka ishirini, akashuka na nyasi kwenye nywele. Wengine walishuka wakicheka. Mmoja alishuka akasema amemwona marehemu mume wake kwenye picha ya mkulima, ingawa aliyeichora alidai amemchora mjomba wake tu. Picha yangu mimi ilikuwa ya jiko letu. Nilichora nilichokuwa nakijua.

Msimamizi wa ticha alifika na mwavuli na viatu vya mjini, mtu mnene, mwenye furaha. Alipanda vidato viwili, akasikia ngazi inalia, akauliza kihenge kinabeba uzito kiasi gani.

"Magunia kumi na tano, mheshimiwa!" mwenyekiti akamjibu.

"Mimi je ni magunia mangapi?"

Mtu wa nyuma kwenye foleni akasema ni ya kutosha. Msimamizi akacheka kuliko wote, akapanda, akakaa mle ndani mpaka ticha akaanza kuuma kucha. Aliposhuka alimshika ticha mkono akautikisa bila kuachia. Ticha wetu alifaulu mazoezi yake, niliseme hilo liishe, maana mimi wakati ule nilikuwa sioni kitu ila njia. Baba mdogo alikuwa anakuja.

Alikuja taratibu, na koti lake la ibada, akisalimia kila mtu. "Shikamoo baba mdogo." "Marahaba, hujambo mwanangu, kumbe leo umetoka nje." Alipanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika alipanda, akaingiza kichwa, tukahesabu mpaka ishirini, tukahesabu tena, mara ya tatu hatukuhesabu. Aliposhuka alipangusa nyasi kichwani. Alitazama mawingu yaliyokuwa yanarundikana upande wa bonde.

"Shemeji," akamwambia mama, "mvua hiyo inakuja. Na mahindi umeyatoa ndani ya kihenge?"

"Nimeyatoa, shemeji. Kwa ajili ya watoto."

"Vizuri. Yako wapi? Niko hapa na nguvu zangu, nikusaidie kuyapanga vizuri kabla sijaondoka, ukuta wako ule unavuja."

Na akaingia ndani. Mama akamfuata, mimi nikamfuata mama, binti wa baba mdogo akatufuata sisi. Nje walikuwa wanacheka bado, nadhani bibi wa ungo alikuwa amepanda mara ya pili. Baba mdogo alisimama mbele ya magunia. Akatazama lile la wazi, akachota mahindi kiganjani, akayarudisha. Kisha akainama kwenye gunia la kwanza lililoshonwa, akaweka miguu sawa, akakaza mgongo kama mtu anayetaka kuinua kilo mia, akavuta.

Gunia likapaa. Nusura lipige dari. Alibaki amesimama amelishika kwa mkono mmoja, kama mtu aliyebeba kuku.

"Mahindi ya mwaka huu," akasema, "mepesi."

"Mepesi, shemeji," mama akajibu.

Hakuna aliyecheka. Alilishusha. Alikuwa anafungua mdomo, na mimi nilijua kinachokuja, kwa sababu foleni yote ingesikia na ndicho alichotaka. Ndipo kidole chake gumba kikapita juu ya mshono. Kikarudi. Akainamia karibu zaidi, akatazama magunia yote sita, moja baada ya jingine, midomo yao yote imelala upande mmoja. Akageuka.

"Huu mshono wa nani?"

"Wangu, baba," binti yake akasema.

"Umeshona magunzi."

"Ndiyo, baba."

"Umeyashona vizuri. Hayatamwagika."

Akafunga mdomo. Angepiga kelele, angetangaza pia kwamba nyumba yake mwenyewe imeshiriki, na koti la ibada alikuwa amelivaa. Mama hakumwachia nafasi ya kufikiri zaidi.

"Yalikwenda Mwimbi, shemeji. Magunia manne, kwa dada yangu. Mvua ya mawe. Mtoto usimguse, ni mimi."

Alipangusa mikono ingawa haikuwa na kitu. "Kesho baada ya ibada," akasema, "tukutane shambani. Njoo na binti yako. Na mimi nitakuja na wangu, kwa kuwa ni fundi."

Jumapili ile mahindi yalikuwa yametoa mbelewele, marefu kutupita, na njia ya katikati ilikuwa matope matupu. Shamba letu linaanzia juu barabarani na kuteremka mpaka kijitoni. Baba mdogo alikuwa na vijiti viwili vilivyochongwa, vya kuweka mpaka. Alieleza bila hasira, na hiyo ilinitisha kuliko hasira: hatalichukua lote, watu watasema. Atachukua nusu ya chini, kutoka kijitoni mpaka kwenye mti ule uliokauka, yule mfugaji ataikodi kuanzia msimu ujao. Nusu ya juu mama aendelee nayo, tuone kama italisha watu wake na wa Mwimbi.

Akaanza kupima kutoka kijitoni kwenda juu, akihesabu hatua kwa sauti, sisi tukimfuata kati ya mistari. Mama alikuwa mbele yake. Sijui alikuwa amepanga au goti lilimwuma kweli. Mbali sana na ule mti, chini kabisa ya nusu, alisimama, akakunja khanga, akakaa kwenye tuta, katikati ya njia yake.

Baba mdogo akafika kwenye miguu yake. "Arobaini na tatu," akasema. "Inuka, shemeji, nipite."

"Nimefika."

"Mpaka uko kule kwenye mti."

"Kule sifiki, shemeji. Miezi miwili nimepanda ngazi kwa ajili ya shamba hili. Leo nimekaa."

"Nitakuzunguka."

"Zunguka."

Kuzunguka maana yake ilikuwa kuingia kwenye mahindi, kuyavunja, yakiwa na mbelewele, yeye mkulima, mwana wa wakulima. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Binti yake akapita pembeni yake bila kumgusa akaenda akakaa upande mmoja wa mama. Mimi nikakaa upande wa pili. Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki nzima napewa kazi ninayoiweza. Tukaziba njia yote. Mvua ikaanza, kwanza juu ya majani, halafu juu yetu.

Tulikaa. Yeye alisimama. Alimwita binti yake mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, naye akamjibu, "Abee, baba," bila kuinuka. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye ukingo wa kofia yake. Mwishowe alichuchumaa mbele ya miguu ya mama, akachomeka kijiti kimoja kwenye tope, akakigonga kwa jiwe. Akampa binti yake kijiti cha pili.

"Kachomeke mwisho wa tuta. Usawa na hiki. Ukipindisha nitakiona."

Akaondoka kwa kupitia chini, kijitoni, koti limemganda mgongoni.

Mama alinyoosha goti, akainuka kwa kushikilia bega langu, akapangusa tope kwenye khanga. Nilidhani atatabasamu. Nilikuwa tayari kutabasamu naye.

"Arobaini na tatu," akasema. "Hizo ni hasara yako. Nenda ukazipime, uone mdomo wako una urefu gani."

Nikashuka kwenye mistari, mvua usoni, nikihesabu kwa sauti ili anisikie. Hatua zangu ni fupi kuliko za baba mdogo. Ya arobaini na tatu ilipoisha kijito kilikuwa bado mbele, na mahindi yalikuwa bado yananizidi urefu pande zote.